Pazia la Karera

Wiki iliyopita mjukuu wangu Zuhura na wenzake walirudi kutoka Rutana wakiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Wakaja moja kwa moja hapa barazani kwangu, Buyenzi, kunionyesha maporomoko ya Karera kwenye telefone. Nikavaa miwani, nikaangalia. Nikamwona Zuhura anacheka. Nikamwona Zuhura na rafiki yake wanacheka. Nikaona vidole viwili vimeinuliwa, midomo imechongolewa, meno, kofia, halafu meno tena. Nikauliza, "Na maji yako wapi?" Zuhura akaninyooshea kidole kwenye kitu cheupe nyuma ya sikio lake. "Si hayo, Babu."

Akaendelea kusukuma picha kwa kidole. Moja akaipitisha haraka. "Hiyo imeharibika," akasema, nami sikuiona vizuri kwa sababu hasira ilikuwa imeshaanza kunipanda.

Sasa msininunie. Sisemi haya kwa kuwa mi ni mzee anayechukia telefone. Telefone naipenda, ndiyo inayoniletea sauti ya dada yangu kutoka Kigoma. Nasema kwa sababu kazi ya kumweka mtu mbele ya mahali pazuri ilikuwa kazi yangu. Niliifanya tangu ndevu hazijaota mpaka zilipokuwa nyeupe, na katika mji huu wa Bujumbura hakuna aliyenishinda. Mkitaka semeni najisifu. Waulizeni wazee wa hapa Buyenzi, watawaambia Fundi Rajabu ni nani.

Nilikuwa mchoraji wa mapazia ya studio. Najua wengi wenu hamjui hata ni kitu gani, basi sikilizeni. Zamani mtu akitaka foto alikwenda studio, akakalishwa kwenye kiti, na nyuma yake kukateremshwa kitambaa kikubwa kilichochorwa ziwa, au msitu, au mto. Kitambaa hicho ndicho tulichokiita pazia. Mpiga foto wa studio yetu, na mwenye studio, alikuwa Mzee Seif, mtu wa ukoo wa Kiarabu ambaye babu zake walikuja hapa na biashara ya nguo na chumvi, wakapapenda, wasirudi tena Oman. Yeye alipiga, mimi nilichora. Watu walisema wanakwenda kwa Mzee Seif, lakini walichokijia kilikuwa changu, na yeye mwenyewe alilijua hilo ingawa hakulisema.

Kazi yenyewe haikuwa ya kupaka tu. Kwanza unachukua marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba, unaishona vipande vitatu au vinne mpaka itoshe ukuta. Halafu unapika uji mwepesi wa unga wa muhogo, unaupaka kitambaa kizima, unaacha ukauke barabara. Uji ndio unaoshika rangi. Ukifanya haraka ukapaka rangi juu ya uji mbichi, utaigusa leo, utaigusa kesho kutwa, bado itakufuata mkononi. Hilo nililijua vizuri, na bado kuna siku moja nililifanya makusudi. Nitafika huko.

Makosa niliyafanya, tena ya kuchekesha. Pazia langu la kwanza lilikuwa ziwa letu na milima ya Kongo ng'ambo. Nililichora kwa wiki nyingi, milima yenye ncha kali, nikajiona bingwa. Mzee Seif akamkalisha bwana harusi mmoja, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, akapiga. Picha zilipotoka, mlima mrefu kuliko yote ulikuwa umesimama juu ya kichwa cha yule bwana, na maji ya ziwa yamemkata shingo kama kisu. Alirudi amefura. "Mumenifanya kifaru!" akapiga kelele mpaka watu wa mtaa wakajaa mlangoni. Mzee Seif akamtuliza, kisha akanivuta pembeni. "Rajabu, panapokaa kichwa cha mtu, usiweke kitu. Acha mbingu. Na maji yaishie kifuani." Mpaka leo nikiona picha zenu naangalia hilo kwanza, na wengi wenu mna nguzo za umeme zinazoota kichwani.

Mzee Seif alikuwa na desturi yake. Mteja akiingia, hakumwuliza anataka pazia gani. Alimwuliza, "Leo moyo uko wapi?" Wengine walicheka, wengine walijibu kwa kirefu, na kutokana na jibu yeye alinipigia ukelele nyuma, "Rajabu, teremsha ziwa!" au "Teremsha Kibira!" Mwanzoni niliona ni maneno ya kupoteza muda. Baadaye nikaona mzee yule alikuwa anajua kitu, kwamba kila mahali pana namna yake ya kumshika mtu, na ukimweka mtu mahali pasipomfaa uso unakataa.

Ziwa lilikuwa la wachumba na la wanaosafiri. Mtu akiangalia ng'ambo anapata hamu, hata asijue ana hamu ya nini. Lakini mkitaka kuliona ziwa letu lilivyo, msiende plaji, kule ufukweni, mwezi wa saba. Wakati wa kiangazi ukungu wa vumbi unaifuta Kongo yote, unaona maji halafu hakuna kitu. Nendeni wakati wa mvua, ile saa mvua imekatika tu. Milima inasogea karibu, mabati ya Uvira kule ng'ambo yanang'aa, na jua likianza kuingia nyuma yake hata watu wenye kelele wanapunguza sauti. Mi nimeyaona hayo tangu utotoni na bado hayajanichosha.

Vijana wao walitaka mto Rusizi na viboko. Nikawachorea kiboko mzima, mdomo wazi, meno nje. Hakuna aliyekubali kumpa mgongo. Nikaenda kule kwenye mdomo wa mto, nikakaa kwenye majani mbali kabisa na maji, nikagundua kwamba kiboko huoni mwili wake. Unaona masikio, macho, na pua, vimetulia juu ya maji, na unajua kwamba na yeye anakuona. Moyo unaenda mbio lakini huondoki. Nikafuta kiboko, nikaweka masikio na macho tu, na kuanzia hapo kila kijana wa Buyenzi alipigwa foto pale amekunja mikono kama amemwua yeye.

Kwa Kiriri, mtaa ule wa mlimani, nilipata taabu. Wale waliotoka milimani kuja kutafuta maisha mjini walipenda pazia la Bujumbura yote inavyoonekana kutoka juu, ili waipeleke foto kwao, ionekane mji uko chini ya miguu yao. Nikapanda Kiriri, nikasimama nje ya ukuta wa villa moja na karatasi yangu, naangalia mabati, miembe, bandari, ziwa. Mlinzi akatoka na rungu. "We, unapima nini?" Nikamwambia nachora. Akaichukua karatasi, akaitazama, akaigeuza, akaniuliza, "Na mi niko wapi?" Ilibidi nimchore na rungu lake ndipo akaniacha. Pale juu mtu anajisikia mkubwa, na hakuna ubaya, mradi akumbuke kushuka.

Wajane waliomaliza eda Mzee Seif aliwateremshia Kibira. Msitu ule niliujua, shemeji yangu alifanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Teza, akanipeleka mpaka ukingoni, pale chai inapoishia na miti inapoanza. Unatoka kwenye kijani kilichokatwa sawasawa, unaingia kwenye kijani kisichomsikiliza mtu. Kuna unyevu, kuna giza la kupoza macho, na huoni haja ya kusema. Mtu mwenye msiba hapo anapumzika kidogo. Rutovu, kwenye kile chanzo cha Nile, ndiko nilikopata hasara. Nilikwenda, nikakuta maji membamba yanatoka kwenye bomba, ya kutosha kutawadha mtu mmoja kwa haraka. Nilicheka, halafu nikafikiria maji yale yanakokwenda, mpaka Misri. Nikachora. Hakuna mteja hata mmoja aliyelitaka pazia hilo. "Fundi, unanichorea robine?" waliniambia, yaani bomba la maji.

Mnaona kwamba huko kote nilikwenda kwa miguu yangu. Karera sikwenda. Ilikuwa miaka ya vita, njia za milimani zimefungwa, mtu akitoka mjini familia yake inasoma dua mpaka arudi. Na miaka hiyo hiyo ndiyo watu walitaka zaidi kuona mahali pazuri. Mzee Seif akaniambia, "Wachoree Karera, wasikie baridi kidogo." Nikachukua kalenda ya dukani yenye maporomoko ya nchi za watu, nikayanakili. Mzee Seif akaja akatazama, akakunja uso. Yeye aliamini hakuna picha yenye raha bila mnazi, ni kitu alichokirithi kwa mababu zake wa pwani. Nikaongeza mnazi. Wallahi, mnazi, kwenye milima ya Rutana!

Na hilo ndilo pazia lililopendwa kuliko yote. Mji mzima ulikuja. Watu ambao hawakuweza kutoka hata kwenda Bugarama kununua kabichi walikaa mbele ya maji yale yaliyotoka kwenye kalenda, wakatabasamu. Sikuona aibu. Nilijiona ninawapa watu dawa.

Vita vikapungua, njia zikafunguka. Ndipo alipokuja Mama Shabani. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, anakaa Kinanira, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, lakini siku hiyo alikuja amemshika mkono mama yake mzazi kama mtu aliyebeba yai. Mama yake, Bibi Kabura, alizaliwa kwenye kilima cha jirani na Karera. Alikimbizwa huko wakati wa vita, akaletwa mjini kwa binti, na tangu hapo alikuwa na ombi moja tu, kurudi akaone maji ya kwao kabla hajafa.

Mzee Seif akamwuliza, kama kawaida yake, "Bibi, leo moyo uko wapi?"

"Karera," akajibu, hakufikiria hata kidogo.

"Rajabu, teremsha Karera!"

Nikaliteremsha kwa mbwembwe. Bibi Kabura akasogea, akaangalia chini, akaangalia juu, akaweka mkono kiunoni.

"Hapa ni wapi?"

"Karera, Mama," binti yake akasema.

"Oya." Hapana hiyo aliitoa kwa Kirundi, kavu. "Na huu muti?"

"Mnazi, Bibi," nikasema.

"Nani aliuleta?"

Mzee Seif akaanza kukohoa. Bibi akaendelea. "Na hii maji. Inamwangika kama mutu ametupa ndoo mara moja. Imekufa. Mariamu, mutoto yangu, umenileta kwa watu ya uongo. Unirudishe."

Nilipandwa na hasira, sitawaficha. "Bibi, mji mzima umepigwa foto hapa!"

"Basi muji muzima haijafika," akasema, akageuka kwenda mlangoni.

Nilikuwa na jibu tayari kinywani, kali, lakini nikamwona Mama Shabani. Mama yule wa kuamrisha alikuwa analia waziwazi mbele ya wateja, kanga imemziba mdomo. "Nilimuahidia, Fundi," akaniambia. "Miaka yote ya vita nilimuambia, vumilia, njia itafunguka nitakurudisha. Sasa njia imefunguka, na munganga wa hospitali anasema moyo yake haiwezi kupanda ile milima, atafia njiani. Nikasema basi nimulete hapa, aone hata kidogo. Sasa nitamuambia nini?"

Walipoondoka, Mzee Seif akaenda akasimama mbele ya pazia, akaugusa mnazi kwa kidole. "Huu ulikuwa wangu," akasema. "Maji ni yako. Nenda, Rajabu."

Kabla sijaondoka nilipanda Kinanira kumwona Bibi. Sikwenda kuomba radhi, nilikwenda kuuliza, kama fundi anavyomwuliza mwenye nyumba anataka mlango upande gani. Nilimkuta amelala kwenye mkeka kibarazani. Nikamwambia nakwenda Karera kuiona kwa macho yangu, anieleze nichore nini. Akaniangalia muda mrefu, nadhani anapima kama nasema kweli.

"Ukifika usichore," akasema. "Chini ya maji kuna jiwe kubwa, laini, sisi wasichana tulikuwa tunaanika nguo pale. Kaa. Kama nguo yako inalowa na hakuna maji imekugusa, ndiyo umefika. Kama haijalowa, bado uko njiani."

"Lakini Bibi, nguo zikianikwa mahali pa unyevu hivyo zitakauka saa ngapi?"

Akacheka mpaka akashika kifua, binti yake akatoka ndani mbio. "Hazikauki! Tulikuwa wasichana. Tulikuwa tunatafuta sababu ya kukaa."

Mzee Seif alikuwa na ndugu mwenye kamyo, lori lililokuwa likipakia saruji bandarini na kuipeleka juu. Nikakaa mbele na shoferi. Vijana, ile njia ya kupanda kutoka Bujumbura msiipite mmelala usingizi, kama mnavyofanya na waya masikioni. Ziwa linabaki nyuma na linazidi kuwa kubwa badala ya kuwa dogo. Wale wa baiskeli wanateremka na mikungu ya ndizi kama wamerushwa, na wengine wanapanda wameng'ang'ania nyuma ya makamyo. Tulipofika Bugarama ukungu uliingia mpaka ndani ya kamyo. Mi mtu wa bondeni, nilikuwa na shati tu. Meno yaligongana, shoferi akacheka akanipa turubai nijifunike. Lakini baada ya hapo milima inafunguka, kilima baada ya kilima, nyumba na migomba na moshi wa jikoni, na nikasikia kitu ambacho miaka yote ya vita nilikuwa sijakisikia kifuani. Nilikuwa sina hofu. Nilikisikia mpaka nikaogopa kukisema, nisije nikakifukuza.

Karera huanza kwa masikio. Unatembea kwenye njia ya majani, husikii, husikii, halafu unagundua kwamba kwa muda umekuwa ukisikia. Kisha miti inaachana. Yampayinka! Hapo hata mimi nisiye Mrundi wa milimani nilitamka kama wao wanavyotamka wakishangaa. Maji hayakuwa mkondo mmoja. Yalikuwa yamegawanyika mikono mingi, huu una haraka, ule umechoka, huu umejificha nyuma ya majani na unatokea chini, na hakuna mkono unaomwiga mwenzake. Na hayakuwa meupe! Kalenda ilinidanganya. Yalikuwa na kijivu, na kijani, na mahali pengine hudhurungi ya udongo. Hakuna mti uliosimama wima. Yote ilikuwa imeinamia maji kama watu wanaosikiliza.

Nilitoa karatasi, nikamkumbuka Bibi, nikairudisha mfukoni. Nikalitafuta jiwe. Lilikuwepo, laini kama alivyosema. Nikakaa. Kwanza niliona upuuzi, mtu mzima kutoka Buyenzi amekaa kwenye jiwe la wasichana. Halafu nikacheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka. Nilijiona mdogo sana, na ajabu ni kwamba haikuniuma. Nilipogusa bega langu lilikuwa limelowa, na maji yenyewe yalikuwa mbali. Nikatawadha pale pale, baridi ikanifika kwenye mfupa, nikasali. Ndipo nikachora.

Niliporudi sikulirekebisha pazia la zamani. Nilishona marekani mpya. Lakini ilikuwa katikati ya msimu wa mvua, na uji wa muhogo ulikataa kukauka. Siku ya kwanza mbichi, siku ya pili mbichi. Na Mama Shabani akapiga simu studio. Bibi alikuwa ameacha kula. "Fundi, kama iko karibu, iwe leo," akasema. "Kesho sijui."

Hapo nikafanya lile ambalo nimewaambia msifanye. Nikapaka rangi juu ya uji mbichi, mikono yote miwili, bila hata kusimama kunywa chai. Nikamwambia Mzee Seif rangi haitashika. "Atakaa mbele," akasema, "hatagusa."

Alasiri wakamleta, shoferi wa Mama Shabani amembeba, mwepesi hata kanga zilimzidi uzito. Mzee Seif alikuwa ameweka kiti mahali pake pa siku zote, mgongo kwenye pazia, uso kwenye mashine ya foto, taa mbili mbele. Wakamkalisha. Nikateremsha pazia nyuma yake, sikuwa na la kufanya tena. Mzee Seif akainama kwenye mashine. "Bibi, angalia hapa."

Bibi Kabura akamwangalia, kisha akaniangalia mimi. "We uko muzuri kuliko Karera?" akamwuliza Mzee Seif. "Nimekuja kuona maji, munanionyesha mutu. Munigeuze."

Tukatazamana. Miaka yote ya kazi ile, hakuna aliyewahi kutuomba hivyo. Pazia ni la nyuma, ndivyo lilivyo. Mzee Seif akasema taratibu, "Lakini Bibi, sura haitaonekana."

"Sura yangu naijua."

Nikakishika kiti upande mmoja, Mzee Seif upande wa pili, tukamgeuza. Akabaki anatazama. Mama Shabani alikuwa amesimama pembeni ameshikilia ukuta, na mi nilikuwa naangalia kisogo cha Bibi, nasubiri ile "oya" yake. Studio nzima ilinuka uji wa muhogo na rangi.

Kisha akanyoosha mkono. Nilitaka kusema usiguse, Mzee Seif akanikanyaga mguu. Bibi akaligusa lile jiwe, pale chini nilipolichora, akaegemea, mkono mzima wa gauni lake la kitenge ukalala kwenye kitambaa kibichi. Alipouondoa ulikuwa umelowa. Akautazama. Akaugusa kwa mkono mwingine.

"Mariamu," akamwita binti yake. "Nimelowa."

Mama Shabani akapiga magoti kando ya kiti.

"Umeona? Nimelowa. Nimefika."

Nililia. Ndiyo, mimi huyu mnayemwona ana maneno mengi. Mzee Seif alipiga foto hivyo hivyo, mgongo, kisogo, mkono umeinuliwa, na maji mbele. Halafu akafunga mlango wa studio wateja wasiingie, na Bibi akakaa pale mpaka jua likaingia, anaongea Kirundi na wasichana ambao sisi hatukuwaona, anawaita kwa majina, anawacheka. Walipompeleka nyumbani alikula.

Alifariki kabla mvua hazijaisha. Foto ile imetundikwa sebuleni Kinanira mpaka leo, na mgeni akimwuliza Mama Shabani kwa nini mama yake hana sura, anajibu, "Anaangalia." Pazia lenyewe ninalo hapa ndani, limekunjwa. Pale kwenye jiwe pana alama ya mkono. Wateja waliokuja baadaye waliniambia, "Fundi, hapa pamechafuka, rekebisha." Sikurekebisha.

Basi hadithi hii ndiyo niliyomwambia Zuhura na wenzake siku ile, nikiwa bado na hasira ya yale meno. Wenzake wakaaga, wamechoka na safari na pengine wamechoka na mimi pia. Zuhura akabaki. Akachukua telefone yake, akarudisha picha nyuma, nyuma, akanipa.

"Babu, ile iliyoharibika."

Nikavaa miwani. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na weupe, na kijivu, na kijani kilichoyeyuka, na matone makubwa yamekaa juu ya kila kitu.

"Wenzangu walikuwa wananiita twende, mi nilikuwa nimekaa tu," akasema. "Nikapiga. Kioo kilikuwa na maji, sikujua. Nilitaka kuifuta."

"Na nguo zako?"

Akafikiria. "Zililowa zote, Babu. Na wala sikuingia majini."

Nikamrudishia telefone yake. "Usiifute," nikamwambia.